Mtu wa Kuulizwa Jike ama Dume

Ukitaka kujua alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, waulize watu wa ukoo wake, mimi sikuwapo. Mimi nilimjua akiwa tayari mzee wa koti la kaki na buti za mpira, amekaa kwenye benchi la baraza la duka langu la dawa za mifugo hapa Arua, barabara ya kwenda Pajulu, anakunywa chai yangu bila kuniomba. Benchi hilo alilikalia miaka kumi na minne. Watu walimwita Daktari, ingawa mwenyewe alikuwa akisema waziwazi kwamba yeye ni msaidizi wa mifugo aliyestaafu, na kwamba daktari wa kweli ana cheti kikubwa na gari. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi pia nilimwita Daktari, maana ningemwitaje mtu anayenifukuzia wezi na kuniletea wateja?

Wateja walikuja kwa chanjo ya kideri, dawa ya minyoo, mbuzi aliyevimba tumbo. Lakini kilichowaleta hasa, na kuwafanya wapite maduka mengine mawili kabla ya kufika kwangu, ni swali moja: huyu ni jike ama dume?

Utasema hilo swali hata mtoto analijibu. Kwa fahali, sawa. Kwa beberu, sawa. Sasa chukua vifaranga wa wiki tatu, au njiwa wawili, au vitoto vya sungura, au kanga, uwaweke mbele ya watu wazima wanne wenye akili zao, uone watakavyogombana. Mimi ninayeuza dawa zao nilifuga njiwa wawili mwaka mzima nikiwaita mke na mume, na nikawatengenezea kiota. Daktari alipowaona aliniambia nina ndugu wawili wa kiume wanaovumiliana.

Kanga ndiyo ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko zote. Kanga dume na jike ni madoadoa yaleyale, shingo ileile ya buluu, kichwa kilekile chenye pembe ndogo. Siku moja alikuja katekista mmoja wa Pajulu na tenga lenye kanga sita. Alikuwa amewafuga karibu mwaka na nusu, hajaona yai hata moja, akaanza kumshuku nyoka, kisha akamshuku jirani. Daktari alimwambia aweke tenga chini na anyamaze. Akafumba macho. Nilimletea chai, ikapoa. Aliniambia baadaye kwamba kanga jike ndiye mwenye sauti ya mapigo mawili na dume ana pigo moja tu, lakini huwezi kuharakisha, kwa sababu jike akiogopa naye hupiga moja moja kama dume. Ni lazima ungoje hofu iwatoke. Katekista akatupia neno kwamba hata nyumbani kwake ni hivyo hivyo, mama ndiye mwenye maneno mawili. Daktari hakucheka. Baada ya muda mrefu alifumbua macho, akamwambia kwa upole kabisa kwamba amefuga kwaya ya wanaume watupu.

Alikuwa na misemo yake, na wa kwanza ulikuwa huu: usimwulize mwenye mnyama, mwulize mnyama. Mwenye mnyama, alisema, anakuambia anachotaka kiwe. Anayeuza atasema jike, kwa sababu jike anazaa. Anayelipa faini ya beberu atakuletea chochote chenye ndevu, na Mungu amewapa ndevu mbuzi jike wengi tu. Kwa hiyo yeye hakusikiliza maelezo. Mtu akianza, "Daktari, huyu mama yake nilimnunua Koboko," alikuwa ameshamgeuza mnyama chali.

Na mikono yake, jamani. Alikuwa na vidole vifupi vinene, vya mtu wa kupasua kuni, lakini kifaranga akiwa ndani ya vidole vile alilala. Nimeona mabata yanayouma watu yakitulia kwake. Bata mzinga tu ndiye aliyemshinda. Akisikia bata mzinga anagugumia barabarani, Daktari alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyuma ya duka. Alisema ni heshima. Mimi nilikuwa namwona akichungulia dirishani mpaka ndege apite.

Jambo jingine la ajabu: mtu huyu asiyekosea jike na dume wa kitu chochote chenye manyoya, kwenye simu hakuweza kabisa kutofautisha mwanamke na mwanamume. Mwalimu mkuu mmoja mwenye sauti nyembamba alimpigia kuhusu nguruwe wa shule, na Daktari akamwita mama kwa heshima zote kwa robo saa, akamuuliza na hali ya mzee nyumbani. Nguruwe wale hatukupewa kuwachanja. Nilipomlaumu alijibu kwamba simu haina mkia wa kuinua.

Alipenda sana mijusi ya ukutani, ile ya kichwa chekundu na mwili wa buluu. Watoto wa mtaa wetu waliiita mwalimu mkuu kwa sababu ya kutikisa kichwa, na waliipiga mawe. Daktari alikuwa akiwaita, anawakalisha chini, anawaonyesha: yule mwekundu ni dume, na wale wadogo wa kahawia wanaomzunguka, ambao ninyi mnadhani ni aina nyingine, ndio wake zake. Kisha anawaambia wangoje dume mwingine aje. Madume yalipigana kwa mikia, moja likashindwa, na mbele ya macho ya watoto lile lililoshindwa likafifia, wekundu wote ukaisha, likawa na rangi ya vumbi. Watoto walishika vinywa. Tangu hapo hawakutupa mawe tena, walikaa wakishangilia kama wako mpirani, wakiitazama timu yetu ya Onduparaka.

Mpira nao ulikuwa ugonjwa wake. Siku ya mechi hata umletee ng'ombe amekwama kuzaa, atakuelekeza kwa mtu mwingine. Akirudi wameshindwa, alikuwa akisema refa yule hajui jike wala dume, na kwake hilo lilikuwa tusi la mwisho.

Nadharia yake kubwa ilikuwa kwamba sisi binadamu tumepindua mambo. Tazama jogoo, alisema, tazama simba, tazama yule ndege mweusi wa nyasini anayeburuta mkia mrefu wakati wa mvua: mapambo yote ni ya dume. Jike ana rangi ya majani makavu kwa sababu ana kazi ya maana, anaatamia, hataki kuonekana. Sasa sisi wanaume tunavaa kaki, na wake zetu wanavaa vitenge vya kuumiza macho. Alilisema hilo hasa mke wake akiwa karibu, maana mke wake alikuwa mrefu kumpita kichwa kizima, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara na vitenge ambavyo Arua nzima ilivitambua. Mama yule alimjibu siku moja mbele ya wateja kwamba yeye pia ana kazi ya maana, ila haoni sababu ya kuifanya akiwa amevaa rangi ya majani makavu. Daktari alikubali kushindwa. Alitueleza kwamba kuna na ndege ambao jike ndiye mkubwa, kwa mfano mwewe, na kwamba yeye alioa mwewe kwa macho yake mawili na hajajuta. Walipendana sana wale. Saa saba kamili mama alimletea chakula mwenyewe, akakaa naye mpaka amalize.

Sasa nieleze kwa nini neno lake lilikuwa na uzito, na hapa lazima niseme na hasira yangu.

Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa. Upande wa bwana harusi walileta mifugo, na kati ya ng'ombe kulikuwa na mtamba mmoja mzuri, mwekundu, amejaa, ng'ombe wa kupigiwa picha. Wazee wetu walikuwa wameshamkubali. Daktari alikuwa amealikwa kama mgeni tu, ana sahani ya wali mapajani. Aliiweka chini, akaenda, akamzunguka yule mtamba, akainua mkia, akarudi, akauliza wageni swali moja: huyu alizaliwa pacha na dume? Mjomba wa bwana harusi akatazama viatu vyake. Daktari akasema mbele ya watu wote kwamba mtamba anayezaliwa pacha na dume mara nyingi sana huwa jike wa macho tu, na huyu ni mmoja wao, hatazaa hata akae kwenu mpaka awe mkongwe.

Harusi ilisogezwa mwezi mzima. Chakula kilikuwa kimeshapikwa! Wifi yangu hakumsalimia Daktari mwaka mzima, na mimi, siwezi kudanganya, nilimnyima chai siku tatu. Nilimwambia angeweza kuninong'oneza, tukamaliza mambo kimyakimya. Alinijibu kwamba hakumfanya yule ng'ombe, alimsoma tu, na kwamba siku atakapoanza kusoma kwa kunong'ona hakuna atakayejua ni lini anasoma kweli. Mtamba mwingine aliletwa, harusi ikafanyika, na yeye alikuja akacheza kuliko vijana. Mtamba yule wa pili ameshazaa mara tatu.

Habari ya harusi ile ilienda mpaka Koboko. Watu waliokuwa wakigombania mnyama walikuwa wanasema tu, twende kwa Daktari, na akishasema wanarudi nyumbani wamenyamaza. Hakupokea kuku wala sukari kabla ya kusema. Miaka yote ile kwenye baraza langu sikumsikia akimwita dume jike wala jike dume.

Isipokuwa mara moja tu. Na hiyo niliiona kwa macho yangu.

Kulikuwa na mama mmoja mteja wangu, tulimwita Mama Keji. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Sudan Kusini wakati wa vita, mumewe amekufa, yeye na watoto watatu, na juu ya kichwa chake amebeba tenga lenye kuku mmoja. Familia moja huko Abuku, upande wa Koboko, ilimpa mahali pa kujenga kijumba na kipande cha shamba alime. Hakuwa na karatasi wala mkataba. Alikuwa pale kwa wema wa mwenye shamba, na wema ukiisha, angefunga virago na watoto wake na kutafuta pengine. Alilima karanga na mihogo, alifuga vizuri, na kuku wake wote, na nusu ya kuku wa majirani, walikuwa wametoka kwa yule mmoja aliyevuka naye kwenye tenga. Alikuwa mtetea mweusi mwenye kidole kimoja kilichokatika. Nilimjua mimi mwenyewe, kwa sababu Mama Keji aliwahi kumleta dukani ana kidonda, na njiani alitaga yai ndani ya tenga, tukacheka, na Daktari pia.

Mwaka juzi, karanga zikiwa zimeanza kutoa maua, yule mtetea akaanza kuwika.

Najua wapo watakaocheka, lakini kwetu hilo si jambo la kucheka. Kuku jike akiwika, anaita kifo nyumbani. Anachinjwa siku hiyohiyo, na kuna watu hata nyama hawaigusi. Bahati mbaya mwezi uleule mbuzi wawili wa mwenye shamba walikufa, na mjukuu wake akaanguka akavunjika mkono. Wazee walikaa wakaunganisha mambo. Kuku alikuja na nani? Alikuja na mgeni. Kumchinja kuku hakutoshi, walisema baadhi yao, kama aliyeileta ile bahati mbaya bado analala hapa. Mwenye shamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa tu, na mtu aliyeogopa ana masikio makubwa. Akasema kabla ya kumfukuza mjane wa watu ahakikishe kwanza, aitwe Daktari atazame. Akisema ni jogoo, basi ni jogoo anawika kama majogoo mengine. Akisema ni jike, Mama Keji aondoke kabla ya Jumapili.

Tulienda kwa pikipiki mbili. Mimi nilibeba chanjo, nikijidanganya kwamba naenda kwa kazi. Nilimjua kuku, na nilimjua Daktari.

Tulikuta watu kama thelathini uani. Mwenye shamba alikuwa kwenye kiti, na mama yake, bibi mkongwe aliyepinda mgongo, alikuwa chini kwenye mkeka anapeta kwa ungo simsim, ufuta wetu, bila kuinua kichwa. Mama Keji alikuwa amesimama kando na watoto wake. Nyuma yao, mlangoni pa kijumba, niliona mizigo imeshafungwa kwa kamba. Nilipoiona ile mizigo machozi yalinitoka, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Wakamleta kuku. Haki ya Mungu, nisingemjua kama si kile kidole. Undu ulikuwa umekua mkubwa, mwekundu, umesimama kichwani. Miguuni alikuwa ameota vipi, ile miiba ya jogoo. Hata manyoya ya shingoni yalikuwa yameanza kuchongoka na kung'aa. Daktari alimchukua, akamkumbatia kwenye koti lake, akamtazama macho. Akafungua bawa. Akamgeuza, akaweka vidole vyake chini ya mkia, pale anapopimia nafasi kati ya mifupa, akaviacha hapo muda mrefu. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilimwona akitua macho kwenye kidole kilichokatika, nikajua amekumbuka lile yai la ndani ya tenga. Kuku naye, mikononi mwake, akanyoosha shingo akawika. Watu wakarudi nyuma hatua moja.

Mwenye shamba akasema, "Daktari, hii kitu iko nini? Sema tu."

 Daktari aliinua macho akatazama kijumba, akatazama ile mizigo, akatazama watoto. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kwenye harusi ya binti wa kaka yangu, "Hii iko jogoo."

Kijana mmoja akasema mbona mwaka jana walimwona na vifaranga. Daktari akamgeukia. "Mwaka jana mulimuita mutu gani kuja kuangalia?"

Kijana akasema hawakumwita mtu.

"Basi," Daktari akasema.

Ungo wa bibi uliendelea kupeta. Kisha yule bibi akauweka chini. Huyo ni mwanamke aliyefuga kuku miaka sabini, na watu wazima uani pale wamekua kwa mayai yake. Alimtazama kuku, akamtazama Daktari kwa muda ambao mimi niliona ni mrefu mno.

"Kama Daktari anasema iko jogoo, iko jogoo," akasema. "Mambo imekwisha. Fungueni mizigo ya huyu mama, mvua inakuja."

Mvua haikuwa inakuja, anga lilikuwa jeupe. Lakini watu waliinuka, wengine wakacheka kwa kupata nafuu, na mwenye shamba alikwenda mwenyewe kufungua kamba. Mama Keji alikaa chini kwenye vumbi akafunika uso na leso. Mimi nilichanja kuku wa kijiji kizima siku ile.

Tulipofika mjini Koboko tulisimama kunywa chai, na hapo nikamwambia kwamba amesema uongo. Akakoroga chai. Nikamuuliza kwa nini hakuwaeleza, maana aliwahi kunieleza mimi, kwamba kuku jike akizeeka au akiugua mahali pa mayai, damu yake hubadilika, anaota undu na vipi, anawika, na hakuna uchawi wala kifo ndani yake.

"Ningewaeleza nusu saa," akasema, "wangeitikia kwa heshima, kisha wangemchinja. Na kesho yake huyu mama angekuwa barabarani."

Nikamwambia basi amefanya vizuri. Akasema hajui kama amefanya vizuri, ila anajua hataki kulizungumza tena, na kwamba chai ya Koboko ina sukari nyingi. Wiki nzima baada ya hapo hakuja barazani. Mke wake aliniambia alikuwa akikaa uani akiwatazama kuku wao. Aliporudi, mtu wa kwanza alimletea sungura, akamgeuza, akasema jike, na alikuwa jike kweli. Nikaona mabega yake yameshuka. Lakini baada ya miezi michache alianza kusema macho yamechoka, akaacha benchi, akarudi kukaa nyumbani kwake Pajulu. Macho yalikuwa yamechoka kweli. Sijui kama ni macho tu.

Basi nilikuwa namtembelea kila nikipata nafasi. Mara ya mwisho ilikuwa majuzi, na ninaiandika kabla sijasahau.

Asubuhi ile Mama Keji aliingia dukani amevaa nguo za kanisani, siku ya kazi. Alichungulia mlangoni kwanza, kisha akatoa kitambaa kifuani, akakifungua juu ya meza. Ndani kulikuwa na yai, dogo, la kahawia hafifu.

Nilikaa kwenye gunia la pumba.

Akanieleza. Kuku alikuwa ameacha kuwika tangu kiangazi. Watu walisema jogoo amezeeka. Kisha akanyonyoka manyoya yote, na yalipoota yaliota ya jike. Mama Keji alikuwa akimfungia ndani na kuomba Mungu. Na wiki hii, akiwa shambani, kuku alitoroka, akaenda kutaga mahali pabaya kuliko pote, kwenye ungo wa yule bibi mkongwe, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Nilikuta bibi anashika hii yai," Mama Keji akasema. "Nikajua mimi nimekwisha. Mwenye shamba alikuwa nje pale, anachonga mpini. Bibi akafunga yai kwa kitambaa yake, akaniambia, peleka kwa Daktari. Mwambie jogoo yake imemutumia zawadi."

Nikamuuliza kama bibi amemwambia mwanawe. Akatikisa kichwa. Bibi alisema mwanawe ni mtu wa mambo mengi, asiongezewe. Na alisema jambo jingine: kwamba mwaka huu Mama Keji alime na kile kipande cha chini karibu na mto, amechoka kukitazama kikiota magugu. Hapo Mama Keji akaanza kulia na kucheka pamoja, nami nikafunga duka.

Tulimkuta Daktari uani kwake, kwenye kiti cha kamba, macho yamefunikwa na ukungu. Mke wake alikuwa anafua, amevaa kitenge cha njano cha kuonwa hata na kipofu. Mama Keji alipiga magoti akamsalimia, akamwekea yai mkononi, akampa maneno ya bibi kama yalivyo, hakuongeza wala kupunguza.

Daktari alilishika. Akalipitisha kwenye vidole vyake vifupi, akalipima uzito, akaliweka sikioni, Mungu ndiye anajua kwa nini. Sisi tulingoja. Nilianza kuogopa kwamba tumemletea huzuni. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, akacheka mpaka mke wake akaacha nguo akaja na mikono ya povu kuuliza nini kimetokea.

"Kumbe bibi alijua," akasema alipopata pumzi, akijipangusa macho. "Siku ile alijua. Na mimi niliubeba ule uongo peke yangu muda wote huu."

Akamkabidhi mke wake lile yai, akamwomba alichemshe, alilete na chumvi. Nilidhani tutaligawana, kwa kuwa sisi tulikuwa wageni na yai lilikuwa limesafiri kutoka Abuku. Lilipokuja alilimenya polepole, akalichovya kwenye chumvi, akala lote mwenyewe mpaka akalamba vidole, mimi nikimtazama. Kisha akakusanya maganda yote kwa kugusa gusa kwenye sahani, akayatupia kuku wake, akakaa akisikiliza mpaka yakaisha.

"Mwambie bibi," akamwambia Mama Keji, "jogoo yangu iko muzima. Na kama iko na zawadi ingine, bibi akule."